Kamanda wa Vichanja vya Ikola

Mimi viongozi siwapendi, na sababu ninazo, kila moja na mwaka wake. Namkumbuka yule aliyekuja hapa Ikola kutuahidi gati. Alipigwa picha amesimama na buti ndani ya maji, na gati lenyewe mpaka leo ni ile picha. Namkumbuka aliyemfuata, aliyesema nguzo za soko zimeliwa na mchwa, wakati sisi wapakiaji tulizibeba wenyewe mabegani mpaka zizi la shemeji yake. Nimelala mahabusu kwa sababu ya kuuliza swali kwenye mkutano. Kwa hiyo mkisikia Stanslaus anamsifu mwenyekiti, msidhani nimezeeka au nimelishwa kitu. Namsifu kwa hasira ile ile niliyowasema nayo wengine.

Anaitwa Providence. Anaongoza kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha mzigo. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa makazi ya wakimbizi ya Katumba, enzi zile mtu wa makazi alitakiwa kuwa na kibali hata kama anakwenda Mpanda mjini kumnunulia mtoto dawa. Aliolewa na Martin, kijana wetu wa hapa, akaja ziwani hajui hata kumshika dagaa. Akajifunza. Miaka michache tu baadaye ndiye aliyewashawishi wenzake waache kuanika mchangani, wajenge vichanja: meza ndefu za miti, juu zimetandikwa nyavu, na kila moja ina turubai la kuvuta mvua ikija.

Msiojua dagaa mtaona ni kitu kidogo. Dagaa wa mchangani ukimtafuna unasikia mchanga, na mvua ikimkuta kaenda, anabaki chakula cha kuku. Kwa hiyo zamani mama akishaanika alikuwa anamtazama mchuuzi kama mgonjwa anavyomtazama daktari: chukua leo, kwa bei yoyote, kabla wingu halijavuka ziwa kutoka Kongo. Dagaa wa kichanjani ni msafi na anaweza kusubiri. Mama naye anaweza kusubiri. Ila vichanja ni vichache na akina mama ni wengi, ndiyo maana kuna zamu, na zamu hiyo ndiyo kazi ya Providence.

Sasa tuje kwenye banda la Egide, maana huko ndiko mambo yalikoanzia.

Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, taa haiwavuti tena, na mitumbwi yote inapumzika mpaka giza lirudi. Siku hizo mwalo hauna kazi. Wengine wanashona nyavu, wengine wanalewa, na sisi wengine wote tunakwenda kwa Egide tangu mchana. Banda la mabati, mabenchi, televisheni kubwa na sabufa inayotikisa mabati. Egide naye ni mtu wa Katumba. Kwenye giza anachaji betri za taa za wavuvi, kwenye mbalamwezi anatuonyesha tamthilia zilizotafsiriwa na madijei wa Dar es Salaam, wale wanaoongea juu ya sauti za waigizaji na kumpa kila mtu jina wanalotaka wao.

Tamthilia ya msimu huu ilikuwa *Baada ya Vumbi*. Ya nchi gani, sijui, na Egide hajui. Dunia imekwisha. Vumbi limefunika mashamba, miji imekufa, na watu waliobaki wamejifungia ndani ya ukuta wa kiwanda cha zamani chenye kisima kimoja. Anayewaongoza ni mwanamke mkavu, hacheki, macho kama misumari. Dijei anamwita Kamanda. Na kuna mzee mmoja mtaratibu, anatengeneza kila kinachoharibika mle ndani. Dijei anamwita Babu Fundi.

Ugomvi wetu ulikuwa: steringi ni nani? Mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video ananielewa. Ukishamjua steringi umeshajua wa kumshangilia, unajua nani hafi na nani ana haki. Hii tamthilia haikutuambia. Nusu ya banda ikasimama na Kamanda, nusu na Babu Fundi, na kelele zikawa kubwa mpaka dijei hasikiki. Egide akaweka desturi yake. Mabishano yakizuka, yeye anasimamisha picha kwa rimoti. Mwenye hoja anakwenda mbele, anasimama ubavuni mwa televisheni, watu wote wanamwona uso, anasema mpaka amalize. Hakuna kurusha maneno ukiwa umekaa. Egide alikuwa na msemo wake: aliyekaa hana hoja.

Nimehudhuria mikutano mingi ya wakubwa. Sijaona uliokuwa na utaratibu mzuri kama ule wa mabenchi ya Egide.

Providence alikuwa upande wa Kamanda, na alikuwa hodari. Namwona alivyosimama, khanga kifuani, na harufu ya dagaa tuliyokuwa nayo wote.

"Nyie mnataka kiongozi awe kama bibi harusi, apendwe na kila mtu," alisema. "Maji ni kidogo, watu ni wengi. Siku Kamanda akimwonea mtu huruma kwenye foleni, wa mwisho kwenye foleni hiyo anakufa. Tatizo lenu, huyo wa mwisho hamumwoni kwenye picha."

Aliyemjibu alikuwa Nyamizi, dada yake Martin, yaani wifi yake. Nyamizi ni mcheshi, mwepesi wa ulimi, na alimpenda Babu Fundi kama vile ni baba yake. Alikwenda mbele akajishika kiuno.

"Wifi, kwenye vumbi lile ungenifukuza hata mimi?"

"Ningekufukuza. Ila ningekufungia mihogo ya njiani."

Banda zima likacheka, na wao wawili wakacheka kuliko wote. Wakati ule ilikuwa tamthilia tu.

Halafu ikatokea hitilafu. Tulitazama sehemu ya sita, Kamanda anagawa maji. Ikaja inayofuata: Babu Fundi yuko nje ya geti, amefunga kamzigo kake, vumbi linampiga, na Kamanda amesimama juu ya ukuta anamtazama bila neno. Geti linafungwa. Banda likalipuka. Kafanya nini? Egide akasimamisha picha, akaangalia flashi yake: sita, nane, tisa. Saba haimo. Duka la Mpanda lililomwekea lilikuwa limeiruka, na yeye hakuhakiki. Simu haikuweza kutusaidia. Mtandao wetu unaleta salamu, hauleti tamthilia. Na Egide hakuweza kwenda tena mjini mpaka mbalamwezi nyingine, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na wavuvi walihitaji betri.

Basi giza lile lote tulibeba madebe na kuanua dagaa tukibishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Kila mtu alijipikia sehemu ya saba yake. Wapakiaji wenzangu walisema mzee kaiba maji. Nyamizi alisema mzee kakataa kumpigia mtu magoti. Providence alisema, huku akigeuza dagaa wake, kwamba kwa vyovyote vile Kamanda asingemfukuza mtu bila sababu; amemwamini tangu sehemu ya kwanza na hajawahi kumwona anakosea. Salvatori alisema Kamanda alimwonea wivu.

Salvatori ndiye mchuuzi mkubwa wa hapa. Malori ya Fuso yanayoondoka Ikola na dagaa, mengi ni yake. Tangu vichanja vijengwe hana raha, maana mama mwenye dagaa wa kichanjani anamwambia nitakuuzia kesho kutwa, ngoja nimsikie na mwingine. Alikuwa hajazoea kuambiwa ngoja. Nimemwona tangu anabeba ndoo mbili, na namjua.

Giza lilipokaribia kwisha, mvua za masika zikawa zinakuja mchana bila kupiga hodi. Asubuhi moja zamu ya kichanja cha tatu ilikuwa ya Bernadetha, mjane mmoja mkimya anayechelewa kidogo kila mahali kwa sababu anafanya kila kitu peke yake. Alikuwa bado majini anaosha dagaa wake. Nyamizi akafika na mabeseni yake, akatazama ziwani, akaona upande wa Kongo umeshakuwa mweusi. Akamwaga dagaa wake kwenye kichanja cha Bernadetha, akawatandaza. Bernadetha alipokuja akakuta pamejaa. Hakusema kitu. Akaenda kuanika mchangani. Mchana mvua ikashuka, turubai likavutwa juu ya dagaa wa Nyamizi, na dagaa wa Bernadetha wakaharibika wote mbele ya macho yetu.

Providence alikuja akiwa ameloa. Alitazama kichanja, akatazama mchangani. Alimuuliza Bernadetha zamu ilikuwa ya nani, Bernadetha akasema ni yangu. Basi. Akamgeukia wifi yake.

"Nyamizi, kanuni unaijua. Giza linalokuja lote huna kichanja."

Nyamizi akachukua mabeseni yake akaondoka. Kwa wiki ile Martin alisuswa na pande zote mbili, mke na dada, akawa anakula mihogo ya kuchoma na sisi wapakiaji.

Niseme ukweli, siku ile nilimwangalia yule mwanamke nikahisi kitu ambacho sijahisi kwa mwenyekiti yeyote. Viongozi wote ninaowakumbuka, sheria zao zilikuwa ngumu kama chuma mpaka zinapofika mlangoni kwa ndugu zao, hapo zinalainika kama ugali wa mgonjwa. Huyu sheria yake ilianzia kwa wifi yake. Nilitaka kumpa mkono.

Sikumpa, kwa sababu ya hiki kichwa changu kisichosahau. Akina mama walipotunga kanuni zao, walikutana kwenye banda la Egide, na mimi nilikuwepo, maana mimi kwenye mkutano sisubiri kualikwa. Kanuni ya tatu ilisema anayeruka zamu anakosa kichanja giza zima linalofuata. Kanuni ya nne ilisema hakuna anayeondolewa kichanjani kabla hajasikilizwa mbele ya wenzake. Na hiyo ya nne aliyeileta ni Providence mwenyewe. Wenzake waliona inachelewesha mambo. Akawasimulia kwamba huko Katumba, baba yake aliwahi kunyimwa kibali na mtu ambaye hakuinua hata kichwa kumuuliza anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda kumzika dada yake. Kanuni ikapita.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa ameiruka. Nyamizi hakusikilizwa. Akina mama wengine hawakukumbuka, au walikumbuka wakaogopa. Salvatori hakuijua. Mimi niliijua.

Kilichofuata mtakuwa mmeshakihisi. Salvatori alianza kumwita Providence "Kamanda", kwanza kwa utani, halafu si kwa utani. Alikaa na akina mama mmoja mmoja. Aliwaambia mwanamke anayemfukuza wifi yake atawafukuza wote. Aliwaambia mtu wa kuja hana uchungu na mtu. Hilo la pili alilisema kwa sauti ndogo. Babu yake mwenyewe alivuka ziwa hili akitokea Kongo. Nilimkumbusha, akaniambia mambo hayafanani. Baada ya siku chache akina mama kadhaa wakaomba mkutano wa kumwondoa mwenyekiti. Shemeji yake Salvatori ndiye aliyekuwa tayari kukaa kwenye kiti hicho, na kila mtu mwenye akili alijua kwamba akikaa yeye, zamu itakufa, na tutarudi kumeza mchanga.

Salvatori alinifuata nikiwa napumzika juu ya magunia.

"Mzee Stan," alisema, "wewe ndiye mdomo wa mwalo huu. Hakuna mwenyekiti ambaye hujamsema. Huyu umemsamehe kwa lipi?"

Nikamjibu sijamsamehe mtu. Nikamwambia nitakuja kwenye mkutano na nitasema ninachokijua. Akanipiga begani akaondoka anapiga mluzi.

Nikabaki na mzigo ambao hauna wa kukusaidia kuupandisha. Nikisema kanuni ya nne, Providence anaanguka, na kwa haki. Nikinyamaza kwa sababu nampenda, basi zile kelele zangu za miaka yote zilikuwa za nini? Wale waliokuwa wananyamaza kwa sababu ya shemeji zao nilikuwa nawatukana. Nilikasirika. Nilimkasirikia Salvatori, nikamkasirikia Nyamizi na mabeseni yake, na zaidi nilimkasirikia yule mwanamke kwa kunipa kiongozi wa kumheshimu halafu akaniwekea na shimo humo humo.

Mbalamwezi ikarudi. Egide akaenda Mpanda, akarudi na sehemu ya saba mchana wa kuamkia siku ya mkutano. Banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Providence alikaa benchi la mbele na wale wachache waliokuwa bado wanamsalimia. Nyamizi alikaa nyuma. Bernadetha alikuwa mlangoni, na Salvatori alikuja na shati la kutokea.

Sehemu ya saba ilikuwa hivi. Babu Fundi anaamka alfajiri, anachota maji kisimani bila zamu, ndoo moja. Anatoka kwa upenyo wa ukuta. Kamanda anamwona, anamfuata kwa mbali. Nje kuna wanawake na watoto wamelala chini ya gari bovu, watu waliokuja wakakuta geti limefungwa. Babu anawanywesha watoto kwa kiganja. Kamanda anaona yote. Anarudi ndani. Mlinzi wake mmoja, kijana, anamwambia tumuulize mzee mbele ya watu, aseme mwenyewe. Na Kamanda anamjibu, kwa sauti ya dijei, maneno ambayo sitayasahau:

"Akiulizwa atajibu. Akijibu, watu watamhurumia. Mfungulieni geti atoke."

Hata dijei, ambaye ana kichekesho kwa kila msiba, hapo hakuwa nacho.

Egide akasimamisha picha bila kuombwa. Salvatori ndiye wa kwanza kwenda mbele. Hakusema mengi, alijua hayahitajiki. Alinyoosha mkono kwenye uso wa Kamanda uliogandishwa pale, mkubwa kama mlango, akasema, "Kamanda wenu wa vichanja huyo. Kesho msije mkasema hamkuonyeshwa." Wawili watatu wakacheka. Akarudi kukaa.

Halafu Providence akasimama.

Nilidhani anaondoka. Alikwenda mpaka ubavuni mwa televisheni, uso wa Kamanda ukiwa begani kwake, na kwa muda alikuwa hatutazami sisi, anaitazama picha.

"Huyu mama nilimtetea giza zima," alisema. "Niliwaambia hawezi kukosea. Nilijipikia sehemu ya saba inayonipendeza mimi. Nimekosea juu yake." Akavuta pumzi. "Na wenzangu wa kikundi, tuna kanuni ya nne. Wengine hamuikumbuki, mimi naikumbuka, niliileta mimi. Nyamizi sikumsikiliza. Sikumsikiliza kwa sababu ni wifi yangu. Niliogopa akijibu nitamhurumia, na nyie mtasema ninapendelea. Nyamizi, njoo mbele. Nakuuliza sasa hivi, watu wote wakikuona. Kwa nini ulianika?"

Nawaambia, nilikuwa nimelibeba neno lile kifuani siku zote zile kama kaa la moto, na yule mwanamke alikuja akalichukua kwa mkono wake mwenyewe.

Nyamizi alikuja taratibu. Banda lote lilikuwa linamwombea sababu nzuri, ndoo ya watoto wenye kiu, kitu chochote. Mimi pia nilimwombea.

"Sina sababu," alisema. "Niliona wingu nikaogopa. Nilijua ni siku ya Bernadetha. Nilijisemea yeye hasemi kitu, atavumilia." Akatazama chini. "Ungeniuliza siku ile ningekudanganya, wifi. Ningesema nilichanganya siku."

Providence akaitikia kwa kichwa.

"Basi adhabu yako inabaki, giza zima. Na mimi nimeruka kanuni kama wewe ulivyoruka zamu. Giza linalokuja sina kichanja. Tutaanika mimi na wewe mchangani."

Salvatori hakwenda mbele safari hii. Alisema akiwa amekaa kwamba kama amekiri, mkutano wa kesho wa nini, aachie kiti hapa hapa. Egide akamwambia aliyekaa hana hoja. Lakini Providence alimjibu.

"Kesho ndiyo mkutano, kaka Salvatori. Kesho watapiga kura wanajua yote. Leo asubuhi wangepiga wanajua nusu."

Mkutano ukafanyika pale pale bandani, televisheni imefunikwa na khanga. Salvatori, ambaye si mwanakikundi, alikaa nje kwenye kivuli cha Fuso lake. Shemeji yake akaniita nisimame niseme. Nilisimama. Nikawaambia akina mama kwamba niliwaletea kosa la mwenyekiti wao, kosa la kweli, nimelitunza vizuri, na nimefika nimekuta ameshalisema mwenyewe. Nikawaambia katika wenyeviti wote ninaowakumbuka, na nawakumbuka wote, sijawahi kunyang'anywa maneno namna hiyo. Nikaketi. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyenizomea.

Nilidhani yamekwisha. Bernadetha akanyanyuka mlangoni.

"Nyamizi mmemuuliza," alisema, na sauti yake wengi walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza. "Mmemuuliza, kajibu, vizuri. Mama mwenyekiti umejiadhibu, vizuri. Dagaa wangu mimi wameliwa na kuku. Mimi nani kaniuliza?"

Providence alisimama akakaa tena. Hilo hakuwa amelifikiria, na ilionekana usoni. "Umesema kweli, dada," alisema. "Kwenye kanuni zetu hakuna linalokuhusu wewe. Tuliandika la kumwadhibu mkosaji, hatukuandika la aliyekosewa. Sina jibu."

Aliyekuwa na jibu ni Nyamizi. Alitoka nje, na tukadhani amekasirika. Akarudi na gunia mgongoni, amepinda, akaliteremsha miguuni pa Bernadetha. Walikuwa wale dagaa wa siku ile, waliokauka juu ya kichanja kisicho chake. Hakuwa amewauza. Alisema kila akitaka kuwauza mikono inakuwa mizito, akawa anawatazama tu mle ndani. Bernadetha alilifungua gunia, akatoa dagaa mmoja, akamtafuna, akasikiliza. Hakuna mchanga. Akalifunga.

Mikono ikanyooshwa. Providence akabaki kwenye kiti chake kwa mikono mingi, ingawa si yote. Bernadetha hakunyoosha wa kwake. Alikaa juu ya gunia lake, mikono mapajani, anatazama mbele. Nilimheshimu kwa hilo pia. Shemeji yake Salvatori alitoka, na punde tukasikia Fuso linawashwa.

Giza likaingia, mitumbwi ikarudi kazini. Kila asubuhi tuliwaona wawili wale mchangani, mwenyekiti na wifi yake, wanatandaza dagaa kama enzi za zamani, huku wenzao wako vichanjani juu yao. Akina mama walimwita Providence mara kadhaa aje ajibanze pembeni mwa nyavu, akakataa. Walikuwa wanabishana muda wote. Providence sasa alikuwa amemgeuka Kamanda kabisa, anamtukana kwa Kiswahili na Kirundi. Na Nyamizi, aminini msiamini, ndiye aliyekuwa anamtetea: alisema yule mama naye hakuna mtu aliyemuuliza, kila siku peke yake juu ya ukuta, nani angemwambia umekosea?

"Yule mlinzi alimwambia," Providence alisema.

"Mlinzi ni mtoto. Mimi nasema mtu wa kumwambia, wifi. Mtu wa kugombana naye."

Siku ya tano ya mabishano hayo mvua ilikuja kwa kasi kutoka Kongo. Walikimbia na turubai moja walilokuwa nalo, wakalivuta juu ya dagaa wa Nyamizi kwa sababu ndio waliokuwa karibu, na kabla hawajarudi kwa wale wa Providence maji yalikuwa yameshapita katikati yao. Mvua ilipokata, Providence aliwakusanya mmoja mmoja mchangani, akawajaza gunia. Chakula cha kuku. Alitafuta mpakiaji kwa macho. Vijana walikuwa wamejificha mvua.

Nikaenda. Akataka kujua nitamtoza kiasi gani, nikamwambia aache maneno anipandishie. Tulishika gunia huku na huku, lilikuwa zito kwa maji, likanichuruzika mgongoni mpaka kwenye viatu. Nikalibeba mpaka kwa mfuga kuku, mwendo wote ule wa tope. Mzigo wa mwenyekiti, bure, bila kusukumwa na mtu. Waliniona vijana wakanicheka, nami nikawaacha wacheke.